Hajira alimpunga pepo binti yake, kumbe ni katuni

Mageti ya maduka ya Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, yanapanda moja baada ya jingine kwa kelele za chuma, na Hajira ameshaketi kazini. Cherehani yake iko barazani, imebanwa kati ya duka la vyombo vya plastiki na ngazi za kupandia ghorofani. Mapajani amelaza satini nyekundu, ndefu ya kumfunika mtu kutoka mabegani hadi visigino, na anaipindia ukingo mweusi.

Mchukuzi mmoja anaegesha toroli lenye marobota ya mitumba ili apumue. Anakitazama kile kitambaa.

"Shuka la nani hilo, mama?"

"Si shuka. Ni joho."

"La padri?"

"La Zarani."

Mchukuzi anamgeukia Tarsis, fundi wa suruali anayeshona kwenye cherehani ya jirani, kana kwamba anaomba tafsiri.

"Kawaulize wanao nyumbani," anasema Tarsis bila kuinua kichwa. "Usipowauliza mapema, utakuja kuuliza umechelewa."

Hajira hacheki. Anakata uzi kwa meno na kuinama zaidi.

Zarani ni msichana wa katuni. Anaonyeshwa kwenye televisheni akizungumza Kiswahili, amevaa joho jekundu, na usoni ana mstari mweupe unaoshuka kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Anapambana na watu wa moshi wanaoiba sauti za wanakijiji. Wasichana wengi mjini wanampenda kupita kiasi. Wana kikundi chao. Wanakutana, wanavaa kama yeye, wanasema maneno yake kwa sauti yake, na wanabishana kuhusu kila sehemu mpya kama wanaume wanavyobishana kuhusu mpira. Mwezi ujao wana tamasha lao Ilala, na majoho karibu yote yanapita kwenye mikono ya Hajira.

Mpiga picha wa gazeti anapotoa kamera, Hajira anaufunika uso kwa ncha ya mtandio.

"Jina langu andikeni," anasema. "Sura iacheni. Sura yangu watu wameshaiona vya kutosha."

Amekubali kuzungumza kwa sababu moja, naye anairudia kila mazungumzo yanapomwelemea. "Nataka mama mwingine asome haya kabla hajawasha ubani."

Hajira ana miaka arobaini na mbili. Alimaliza darasa la saba Lindi, akaolewa, akaja Dar na mume aliyekuwa dereva wa lori. Mume alifariki binti yao, Nasma, akiwa darasa la pili. Hakuna ndugu aliyejitokeza kubeba mzigo, kwa hiyo Hajira aliingia Kariakoo kujifunza cherehani kwa kushona foronya.

Baadaye akapata jina kwenye sare za harusi. Harusi ikitangazwa Buguruni, ambako amepanga chumba, kina mama huchagua kitambaa kimoja, na fundi ni yeye. Siku ikifika wanatoka wote wamefanana kama kasuku wa tundu moja, wakiimba, wakitunza, wakijipiga picha. Kwa dera moja hulipwa elfu kumi na mbili. Siku ikimnyookea, baada ya uzi, chakula na kodi ya baraza, huondoka na elfu kumi na tano.

"Nilimsomesha mwanangu kwa vitambaa vya harusi za watu," anasema. "Nilikuwa najua kuchelewa tu kurudi nyumbani. Kuongea naye sikuwa na nafasi."

Mwaka jana Nasma alikuwa kidato cha nne. Mtoto mpole, asiye na makundi. Hajira alijivunia hilo. Jirani zake walipolalamika kwamba mabinti wao wanarudi na simu wasizozinunulia, yeye alikuwa akisema wa kwake yuko ndani na madaftari.

Kisha mtoto akaanza kubadilika. Alikuwa anakula nusu sahani na kusukuma. Alifunga mlango kwa komeo hata mchana. Akiitwa alichelewa kuitika, na akiitika, macho yake yalikuwa mbali. Mama mwenye binti anajua wazo linalokuja kwanza hapo. Hajira alimkagua simu, hakukuta mwanamume. Alimtazama tumbo kwa jicho la pembeni. Hakuona kitu. Hapo ndipo hofu ilipozidi, kwa sababu ugonjwa usio na jina ndio unaotisha.

Siku moja alisahau vitambaa vya mteja nyumbani, akarudi Buguruni alasiri, wakati ambao huwa harudi. Alipokaribia mlango wa chumba chake alisikia sauti nzito, ya kukwaruza, isiyo ya mwanawe.

"Msinitafute. Mimi ndiye niliyekuja kuwatafuta."

Akachungulia dirishani. Nasma amesimama mbele ya kioo. Amejifunga kitambaa chekundu chenye ukingo mweusi. Usoni amejichora mstari mweupe kwa poda. Anajitazama bila kupepesa, kisha anairudia ile sauti, nzito kuliko mara ya kwanza.

Wasomaji wengine watacheka. Hajira hakuwa na la kuchekea. Amekulia kwenye nyumba ambayo bibi yake mzaa mama alikuwa kiti cha pepo, mtu ambaye pepo humpanda kichwani na kusema kwa kinywa chake. Tangu utotoni alijua kwamba kila pepo ana nguo yake na rangi yake. Akishuka, aliyepandwa husema kwa sauti isiyo yake, na hapumziki mpaka aulizwe jina, aulizwe anachotaka, apewe. Nguo ile, uso ule na sauti ile Hajira alikuwa ameviona kabla hajajua kuandika jina lake.

"Sikubisha hodi," anasema sasa, na mguu wake unasimama juu ya pedali. "Ningebisha tu. Mtoto angeruka, angevua lile shuka, angecheka au angelia, tungeongea. Mimi niligeuka kama mwizi nikaenda kwa jirani."

Jirani ni Moza, mpangaji mwenzake, mama anayesikilizwa katika nyumba ile kuliko hata mwenye nyumba. Alikuwa uani anachambua mchele.

"Rangi gani?" Moza aliuliza.

"Nyekundu. Ukingo mweusi."

"Na sauti?"

"Kama ya mwanamume."

Moza aliweka ungo chini. "Shoga yangu, sasa unasubiri nini?"

"Nimuulize kwanza mwenyewe?"

"Pepo haulizwi na mama. Utamkasirisha. Huulizwa na fundi wa kupunga."

Fundi aliyeitwa ni Bakili, mzee mtulivu wa Msimbazi, anayeheshimika kwa sababu hapokei kila anayeletwa kwake. Siku ikapangwa. Hajira alikopa, akanunua ubani, marashi na mbuzi. Kina mama wa nyumba nzima walikuja, na wa nyumba za jirani, na wale wa kikundi cha harusi ambao hawakosi penye ngoma. Sufuria za pilau zikatelekwa uani. Nasma aliambiwa ni dua ya mtihani. Alipotoka chumbani na kukuta ngoma tatu na mkeka mweupe, alimtazama mama yake. Mama yake akatazama pembeni.

Walimkalisha mkekani, wakamfunika, moshi wa ubani ukaingizwa chini ya shuka. Ngoma zikapigwa, kina mama wakaitikia. Kisha Bakili akainua mkono, kukawa kimya.

"Wewe nani?"

"Nasma."

"Hatumuulizi Nasma. Tunamuuliza aliyempanda."

"Hakuna aliyenipanda, babu. Mama, waambie."

Ngoma zikapigwa tena, kwa muda mrefu zaidi. Mtoto akakohoa mpaka akatoka machozi. Bakili alimfunua, akamshika kiganja, akamtazama machoni, kisha akamsogelea Hajira na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama, mimi naona huyu ana akili zake. Hapa hakuna mtu."

"Yupo," Hajira alimjibu. "Nimemsikia kwa masikio yangu. Anajificha huyo, mjanja. Endelea."

"Nimekwambia sioni kitu."

"Na mimi ndiye niliyekuita, mzee wangu. Endelea."

Wakaendelea. Na Nasma, ambaye alikuwa amechoka na moshi, na alikuwa ameshaelewa kwamba hapo Nasma hatakiwi, akasema, "Basi. Mimi Zarani."

Vigelegele vilipasua ua. Kina mama walikumbatiana. Moza alimrushia mtoto marashi. Jina limepatikana, kazi imeshika.

"Unatoka wapi, Zarani?" aliuliza Bakili, na waliokuwa karibu wanasema uso wake haukuwa na furaha.

"Mlima wa Moshi."

"Unataka nini?"

Nasma alimtafuta mama yake katikati ya watu. "Nataka mama anisikilize."

"Atakusikiliza," kina mama waliitikia kwa pamoja. "Sema unataka kitambaa gani, unataka chakula gani."

Hapo ndipo mtoto mdogo wa kike wa mpangaji wa chumba cha mwisho, aliyekaa juu ya ndoo ili aone vizuri, alipouliza, "Mbona Zarani ni wa kwenye tivii?" Mwenzake akaitikia. Mwingine akaanza kuimba wimbo wa kufungulia katuni, na watoto wote wa ua wakaudaka wimbo, mstari kwa mstari, wanapiga makofi. Walikuwa wanajua kila neno.

Kicheko kilianzia kwa wapiga ngoma. Kikaenda kwa kina mama wa harusi. Mtu mmoja, na hadi leo Hajira hataki kujua ni nani, alikuwa ameinua simu.

Mama unayesoma, ukidhani aibu ni hiyo, bado hujafika. Aibu yenyewe ndiyo inayofuata, na ndiyo inayomfanya Hajira afunike uso wake mbele ya kamera.

Alijua. Watoto walipoimba, alijua. Akakumbuka kwamba wiki chache nyuma Nasma alimjia akiwa amezama kwenye sare za watu, akamwambia, "Mama, nishonee joho la Zarani, tuna mkutano na wenzangu," naye akamjibu, "Joho la nini, umekuwa kadhi? Niache na kazi." Mtoto alikuwa amesema kila kitu, na jina lenyewe alilitaja. Lilipita sikioni kama sauti ya muuza maji barabarani.

Angeweza kusimama pale pale akasema, jamani, nimekosea, kuleni pilau mwende zenu. Lakini ua ulikuwa umejaa. Mbuzi amechinjwa. Kina mama wa kikundi wanamtazama. Hajira akafungua mdomo akasema, "Pepo anaweza kujiita jina lolote."

Na ngoma ikaendelea.

"Nilimwacha mwanangu chini ya lile shuka ili mimi nisichekwe," anasema. Sauti yake ni ndogo, na kelele za mtaa zinakaribia kuimeza. "Na bado nilichekwa."

Kesho yake asubuhi Nasma alikunja nguo zake akaenda Magomeni kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake. Hakugombana. Alisema tu, "Naenda kwa shangazi," kama mtu anayekwenda dukani. Mtihani aliufanya akitokea huko.

Video ilimfuata. Ilizunguka kwenye magrupu, watu wakaipa jina, pepo wa katuni. Waliocheka walicheka wakapita. Waliobaki ni wale wasiocheka, wale walioona ngoma na shuka na ubani wakaamini mtoto ana pepo kweli. Magomeni wapangaji wa shangazi walianza kuwaita watoto wao ndani Nasma akitoka kufua. Ana mkono mzuri na watoto wadogo, na mapema mwaka huu mama mmoja mwenye chekechea alikubali kumchukua awe msaidizi. Kabla hajaanza, mtu akamwonyesha mwenye chekechea ile video.

"Aliambiwa hawawezi kumweka na watoto mtu mwenye mashetani," anasema Hajira. "Mashetani niliyompa mimi. Nilimzalia mwanangu pepo kwa pilau na mbuzi wa mkopo."

Aliyemfungulia Hajira mlango wa upande wa wasichana wa Zarani ni Rachel, binti wa Rogath, mfanyabiashara wa vitambaa vya jumla kutoka Rombo mwenye duka mtaa wa pili. Alikuja barazani siku moja, akasimama mbele ya cherehani na begi kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nikushonee nini?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyempa Nasma kile kitambaa. Ni mabaki ya dukani kwa baba. Nilitaka ujue hakikutoka kwa jini."

Hajira anasema alitamani ardhi ipasuke. Badala yake alisogeza kigoda. Rachel akakaa, akatoa simu, akamwonyesha Zarani tangu sehemu ya kwanza. Tarsis naye aliacha suruali za watu akaja kuegemea ukuta. Walitazama mpaka chaji ikaisha.

"Sasa mnampendea nini hasa?" Hajira alimuuliza. "Kupigana?"

Rachel alifikiri. "Mama, Zarani akiingia mahali hakuna anayemwambia kaa vizuri, jifunike, nyamaza. Wanamuuliza, tufanye nini. Sisi nani anatuuliza?"

"Na kuvaa je? Kwa nini kuvaa?"

"Kwani nyie kwenye harusi mnavaa sare kwa nini? Bibi harusi mwenyewe wengine hamumjui."

Tarsis alicheka mpaka akashika ukuta. Jibu Hajira alilijua. Wanavaa ili kwa siku moja mtu usiwe peke yako.

Kilichomwinua Hajira ni joho la Rachel lenyewe, alilolitoa begini akalivaa amwonyeshe. Ukingo ulikuwa umebandikwa kwa gundi, umeanza kubanduka.

"Nani kakufanyia haya?"

"Mwenyewe. Wote tunabandika. Mafundi tukiwaambia wanatucheka."

"Gundi kwenye satini," alisema Hajira, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. "Vua. Nipe hapa."

Ndivyo alivyoanza. Wasichana walikuja mmoja mmoja, kisha wawili wawili. Wanakaa kwenye ngazi wanabishana kama Zarani alikosea kumsamehe mfalme wa moshi. Hajira naye siku hizi ana upande. Anasema alikosea, maana mfalme hakuomba radhi, alilia tu, na kulia si kuomba radhi. Wasichana wanapiga kelele wakipinga. Siku moja Tarsis alimwambia, "Mama Nasma, sasa wewe ndiye umepandwa."

Papo hapo akaomba msamaha. Utani wa namna hiyo una mwiba barazani hapo.

Wapo vijana wanaokuja kuagiza majoho bila kumtambua chini ya mtandio. Mmoja alimwonyesha ile video wakati anapimwa mabega, akimuuliza kama ameiona, mama mshamba huyu wa Buguruni. Hajira alijibu hajaiona, akaendelea kupima. Anasema vipimo alivyoandika siku hiyo vilikuwa vibaya vyote, akashona upya.

Kwa Nasma, alianza kwa kutuma vitu. Alituma hela ya saluni, mkoba, viatu. Shangazi alipokea, akasema asante. Kisha akamshonea joho, zuri kuliko yote aliyowahi kushona, ukingo umedariziwa kwa mkono. Rachel alilipeleka Magomeni. Jioni hiyo hiyo alilirudisha, limekunjwa vizuri, ndani ya mfuko ule ule.

"Amesemaje?"

Rachel alisita. "Amesema nguo si tatizo."

"Tatizo ni nini? Niambie mwanangu, hata kama ni baya."

"Amesema, uliwaita watu ukamtangaza mbele yao. Waite wale wale, useme mbele yao. Si kwa simu, si kwangu, si kwa shangazi. Na amesema usijitetee. Ukianza kujitetea ataondoka."

Hajira alikaa na maneno hayo miezi. Anakiri alijaribu kuyazunguka. Alimwomba shangazi amsemee. Alifikiri kurekodi sauti aisambaze. Alifikiri kuhama Buguruni kabisa, aende mahali ambapo hakuna aliyekula pilau yake. Lakini baada ya mambo ya chekechea alielewa kwamba anayekaa kimya ni yeye, na anayelipa ni mtoto.

Wiki iliyopita akaanza kupita mlango kwa mlango, kama mwanamke anayealika watu kwenye shughuli. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Moza, na ndio uliokuwa mgumu.

"Jumapili baada ya alasiri, uani," Hajira alimwambia. "Nina neno la kusema kuhusu Nasma."

"Neno gani?"

"Kwamba hana pepo, na hakuwahi kuwa naye."

Moza alifunga mlango nyuma yake ili wapangaji wasisikie. "Hajira, utasema tulipiga vigelegele kwa ajili ya katuni? Unatuvua nguo wote. Mambo yameshapoa."

"Yamepoa kwako. Mwanangu amekoseshwa kazi."

"Na mimi niliyekushauri, watanitazamaje?"

"Sitakutaja. Niliyewaita ni mimi."

"Hata usiponitaja wanajua." Moza alishusha macho. "Nilikuwa na hofu kama wewe, shoga. Sikukutakia mabaya."

"Najua. Njoo, basi."

Moza hakuahidi. Wengine walikubali haraka mno, kwa macho ya watu wanaokwenda kutazama. Hajira anajua. Anasema hao pia anawahitaji, maana ndio wenye midomo mirefu.

Kwa Bakili alikwenda na mtandio umemfunika mpaka kwenye nyusi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akaagiza aletewe maji, akampa.

"Mimi nilikwambia hana kitu."

"Uliniambia, mzee wangu. Nikakufunga mdomo."

"Na mimi nikafungwa. Mtu mzima, fundi wa miaka yote hii, nikaona watu wamekaa tayari, nikasema basi tumalize." Alikuna kidevu. "Nitakuja. Lakini ngoma siji nazo."

Barazani Mchikichi jua limeshapanda, na mtaa umejaa mpaka watu wanapita kwa mabega. Joho la satini limekamilika. Hajira analikunja, analiweka juu ya mengine. Jumapili imebaki siku chache, na jana Rachel alimletea jibu kutoka Magomeni. Nasma atakuja. Atasimama getini, hataingia mpaka asikie.

"Chakula utapika?" Tarsis anamuuliza.

"Hakuna chakula safari hii. Atakayekuja aje kwa masikio."

"Na umeshapanga utakavyosema?"

Hajira anatazama huku na huku, kama anayeogopa kusikika, ingawa Kariakoo hakuna anayemsikiliza mwenzake. Anashusha mtandio begani.

"Jamani, mnajua mama akiwa peke yake na mtoto wa kike, hofu inakuwa..."

"Umeshaanza kujitetea," anasema Tarsis.

Anaanza upya. Safari hii anaingia kwa habari ya bibi yake na pepo wa Lindi. Tarsis anatikisa kichwa, anaendelea na zipu yake. Mteja anakuja kuulizia dera, Hajira anamwashiria asubiri.

"Hofu ni ya kweli," anasema, safari hii akimwambia mwandishi. "Kila mama anaijua. Lakini haiingii kwenye maneno ya Jumapili. Nikiiweka, watu wataniona mimi, watanihurumia mimi, na mwanangu atarudi Magomeni na pepo wake."

Anachotaka, anasema, si kwamba Nasma arudi Buguruni siku hiyo. Hatarajii hata kusamehewa. Anataka mwenye chekechea, na wapangaji wa Magomeni, na kina mama wa harusi, wakilisikia jina la mwanawe, wamfikirie msichana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye mkono mzuri na watoto, anayependa katuni. Basi.

Kisha anasimama. Hatazami mtu yeyote, anatazama cherehani.

"Mwanangu Nasma hana pepo. Hakuwahi kuwa naye. Nilijua siku ile ile, watoto walipoimba, nikaacha ngoma iendelee kwa sababu niliwaonea haya nyie."

Tarsis ameacha kushona. Mteja wa dera amesimama na kitambaa mkononi, hajui atazame wapi.

"Halafu?" Tarsis anauliza.

"Halafu nanyamaza," anasema Hajira. "Kama naye ana la kusema, nimsikie."